Zamu Yao au Zamu Yenu

Mie kusoma nimesoma ukubwani, kisomo cha jioni, mwalimu mwenyewe rika moja na mwanangu wa mwisho, kwa hiyo mkiona maneno yamekaa ovyo msinicheke. Nataka kuandika habari ya sinema moja niliyoiona Temeke wakati wa Mwingereza. Mpaka leo sijui ilikuwa inasema nini. Na katikati ya sinema ile mume wangu alitamka neno, na neno lenyewe nusura limpandishe treni arudishwe kwao Tabora, mie nibaki na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Wajukuu siku hizi wanasema babu yao alikuwa mpigania uhuru kwa ajili ya neno lile. Huenda. Mie niliyelala naye kitanda kimoja sina hakika.

Nianze na yeye mwenyewe, maana bila kumjua yeye hamtaijua sinema. Alikuwa Mnyamwezi, mie Mzaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu zetu, wakati wao wakishuka pwani na mizigo vichwani na sie tukiwauzia maji. Vijana wa sasa wakisikia utani wanadhani ni kuchekeshana. Utani ulikuwa na sheria zake. Mtani wako anaweza kukuchukulia kuku wako mbele ya macho yako, akakutukania mama yako msibani, na wewe huruhusiwi kununa. Ila na wewe unangoja zamu yako, na ikifika, yeye naye haruhusiwi kununa. Hapo kwenye zamu ndipo penyewe. Bila zamu si utani tena, ni uonevu.

Siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amelala kitandani kwa marehemu. Tumetoka kumzika babu yangu, naingia chumbani kufagia, namkuta kijana nisiyemjua amejifunika shuka la babu mpaka kidevuni, anakohoa kikohozi cha babu vilevile, sijui alikisikia wapi. Akanigeuzia macho.

"We mjukuu," akasema, "tangu asubuhi mmenitupa kule mchangani, uji wangu uko wapi?"

Wanawake waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Nikamletea uji, nifanyeje, ni mtani. Sikukuu ya Idd alipopita mtaani kwetu na kanzu mpya nyeupe nikatoka jikoni na mikono ya masizi nikamkumbatia mbele za watu. Akajiangalia kifuani, akasema, "Ahsante, Mzaramo." Baada ya hapo akaja kuposa. Mama yangu alisema huyu mtoto kajiozesha kwa masizi. Lakini hayo si ya hapa.

Kazi yake ilikuwa sinema. Serikali ilikuwa na gari moja la kijani lenye injini nyuma, linazunguka vitongojini, leo Temeke, kesho Kinondoni, siku nyingine linakwenda mpaka Gongo la Mboto. Wanasimamisha miti miwili, wanatandaza shuka kubwa jeupe, wakishaswali watu magharibi injini inawashwa. Bure. Picha zenyewe zilikuwa za kuchimba choo, kuosha mtoto, kupanda mihogo kwa mstari. Zilikuwa zinasema Kizungu, au hazisemi kabisa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutueleza. Mtu huyo ndiye mume wangu. Alikaa juu ya gari na kipaza sauti, anaitazama picha, anatuambia inasema nini. Kiingereza alikuwa nacho kidogo cha darasa la nne, kingine anakitoa kichwani. Watu hawakuja kutazama choo, walikuja kumsikia yeye. Mtu kwenye picha akiinama kuchimba, yeye anasema, "Mwoneni huyu, jembe kaliazima kwa shemeji yake, ndiyo maana anachimba kwa hasira." Temeke nzima inacheka, na choo wanakwenda kuchimba kweli.

Sasa hapo Temeke tulikuwa na jumbe. Jina lake silisemi, ana wajukuu na ni watu wema. Jumbe huyu aliletwa na serikali kutuangalia sie wa mtaani, na kutuangalia alituangalia. Ukiwa na shida ya cheti unakwenda kwake, viatu unavua mbali, unachuchumaa barazani, yeye amekaa kitini anakula machungwa. Anakula taratibu, anatema kokwa karibu na miguu yako. Akimaliza la kwanza anaanza la pili. Huko kuchuchumaa ukichoka ukakaa chini, umekosa adabu, kesho unapalilia uwanja wake. Nimepalilia nikiwa na mimba. Hakuna aliyetuambia ni sheria, na hakuna aliyetuambia si sheria. Tulikuwa tunaona ndivyo jumbe alivyo, kama unavyoona mvua ni mvua.

Siku ya sinema jumbe alikaa mbele peke yake, kwenye kiti chake cha mikono alichobebewa kutoka nyumbani. Sie wengine mchangani. Mie nilikaa karibu na gari, mtoto kalala mapajani. Mume wangu akapuliza kwenye kipaza sauti, fuu, fuu, akasema, "Wazee wetu, mama zetu, shikamooni. Leo Bwana Afya atatuonyesha choo cha kisasa."

Picha ikawaka. Ikatokea nyumba kubwa, kubwa kuliko Boma, yenye mapazia meupe. Akatokea Mzungu mwembamba kavaa glavu nyeupe.

"Huyo ndiye Bwana Afya," mume wangu akasema. "Kavaa glavu kwa sababu ya kazi yenyewe."

Watu wakacheka. Mlango ukafunguka, wakaingia wageni, wanaume na wanawake, nguo nzuri, kofia zina manyoya. Yule wa glavu akawapokea, akawavua viatu mmoja mmoja, viatu akavipanga dirishani. Mume wangu akasema, "Hataki wamchafulie choo." Watu wakacheka tena, ila kidogo. Halafu yule bwana akafunga mlango, ufunguo akautia kwenye glavu, pale kiganjani. Ikasikika lugha. Nikamtazama mume wangu pale juu, nikaona amesogea mbele, uso umembadilika. Baadaye aliniambia haikuwa Kiingereza. Hakuwahi kuisikia lugha ile tangu azaliwe.

Akanyamaza. Hakuwa mtu wa kunyamaza.

Nieleze nilichokiona, maana kusikia sikusikia. Meza ilikuwa imeandaliwa chakula lakini viti havikuwepo. Yule bwana akamwonyesha kidole mzee mmoja mnene kati ya wageni. Yule mzee akacheka, akidhani ni mchezo. Bwana akangoja. Yule mzee akaacha kucheka, akapiga magoti, akaweka mikono chini, na bwana akamkalia mgongoni, akaanza kula. Wageni wengine wamesimama wanatazama. Akamwekea mwanamke sahani sakafuni. Mwanamke akatazama wenzake, akainama. Bwana akapiga kengele ndogo, wote wakapiga makofi. Halafu ikawa kesho yake, dirisha lina mwanga, na mtu mwingine ndiye kiti. Kesho nyingine, mwingine. Halafu, hapa ndipo nilipochanganyikiwa, wakaanza kugombea. Watu wazima na kofia zao wanasukumana kila mmoja anataka awe kiti, na yule mzee mnene wa kwanza analia pembeni kwa kuwa hakuchaguliwa.

Nyuma yangu mama mmoja akaanza kulia. Mwanamume mmoja akasimama, akasema, "Tunaonyeshwa nini hapa?" Mwingine akasema, "Wanatufundisha. Ndivyo wanavyotaka tuwe." Watu wakaanza kusimama, watoto wakashtuka. Nilimwona mtu kaokota jiwe. Hapo ndipo mume wangu akarudi kwenye kipaza sauti.

"Tulieni," akasema. "Tulieni jamani, kaeni. Msiogope. Hawa ni watani. Wanataniana. Ngojeni zamu..."

Na hapo kipaza sauti kikakwaruza. Zamu yao, au zamu yenu. Neno moja fupi, herufi tatu nne, na mkwaruzo juu yake. Nimelisikiliza neno lile kichwani mwangu miaka yote hii, siku nyingine linakuja yao, siku nyingine linakuja yenu.

Vyovyote alivyosema, watu walielewa. Mtu wa jiwe akalitupa chini. Ah, kumbe ni watani. Basi kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Yule bwana akikaa, watu wanaitikia, "Kula, zamu inakuja." Akipiga kengele, wanapiga makofi wao. Na mzee mmoja huko nyuma, sauti kama ya kinanda, akasema, "Jumbe, angalia vizuri, kiti chako kinapumua."

Temeke nzima ikamgeukia jumbe pale alipokaa. Jumbe akainuka, akakitazama kiti kweli, Mungu anisamehe, alikitazama kweli. Halafu akaenda nyuma ya gari akaamuru injini izimwe. Shuka likawa jeupe. Sie tukabaki gizani hatujaona mwisho.

Asubuhi askari kanzu wawili wakaja kwetu. Walipiga hodi vizuri, wakanywa maji, wakamwambia mume wangu anatakiwa kwa Bwana Shauri. Bwana Shauri alikuwa Mzungu wa serikali wa kuamua mambo ya watu weusi, chini ya Bwana DC. Mume wangu akarudi jioni, amekabidhi ufunguo wa gari. Akakaa kwenye kiti chetu. Tulikuwa na kiti kimoja tu nyumbani, alikinunua mnadani, tukawa tunakikalia kwa zamu.

"Jumbe kasema niliwaambia watu wangoje zamu yao ya kuwakalia wenye mamlaka," akasema. "Kutakuwa na baraza. Nikishindwa napandishwa treni, narudishwa bara. Mtu asiye na kazi mjini hana ruhusa ya kukaa, na kazi ndiyo hiyo imekwisha."

"Na mie?"

"Wewe kwenu hapahapa."

"Na huyu?" Nikashika tumbo.

Akaniuliza kama kuna chai.

Siku zilizofuata kila mtu alikuja na sinema yake. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu baada ya babu kufa, alisema picha ile ni ya Mjerumani, glavu zile anazijua, alimwona Mjerumani kwa macho yake akimkalisha mtu juani. Jirani alisema ni ya jumbe, Wazungu wenyewe wameitengeneza kumuumbua kwa sababu amezidi. Halafu akaja ndugu yake mume wangu, Mnyamwezi mtu mzima, mpishi wa klabu ya Wazungu. Huyu ndiye aliyekuwa na habari yenyewe.

"Picha ile ilionyeshwa klabu kwanza," akasema. "Kuna Mzungu kijana wa ofisi ya picha, nywele hachani, yeye ndiye aliyeiagiza kwao. Makopo yake kayaweka rafu moja na makopo ya vyoo, basi yamechanganyika. Klabu kulikuwa na ugomvi shemeji, sijawahi kuona. Bibi mmoja kasema ni uchafu. Bwana mmoja kasema hii ni kazi kubwa ya mwenye akili. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mie nagawa kofia mlangoni."

"Mwisho uliuona?" mume wangu akauliza.

"Niuone wapi, na mie nagawa kofia?"

Yule Mzungu kijana mwenyewe alikuja kwetu kwa baiskeli kumwomba radhi mume wangu. Nikamkaribisha kiti, mie nikakaa jamvini. Akakitazama kile kiti, akakataa, akakaa jamvini na yeye, magoti marefu hajui ayaweke wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha wapagazi. Akasema picha ile ni fumbo. Yule bwana si bwana, ni utawala. Nyumba si nyumba, ni nchi. Wale wageni ni watu wanaoonewa mpaka wakapenda kuonewa.

"Nchi gani?" nikamuuliza.

"Ulaya. Wale wabaya wa vita. Wamekwisha wale."

"Si hapa?"

Akawa mwekundu. "Hapa si sana," akasema.

Nikamuuliza nililotaka kujua, mwisho wake ni nini, zamu ya wale wageni ilifika au haikufika? Akafurahi sana kuulizwa. Akasema mwisho unaonekana mlango uko wazi na chumba kitupu, na katikati kipo kiti.

"Kiti cha mbao, au mtu?"

"Haionekani vizuri. Kuna kivuli. Ndiyo uzuri wake, mama."

Nikamtazama. Mume wangu anapandishwa treni kwa ajili ya picha ambayo mwenyewe kuitengeneza hakuimaliza, na huyu ananiambia ndiyo uzuri wake. Lakini alikuwa mtoto wa watu, tukampa chai. Haikupita wiki tukasikia na yeye kahamishwa.

Siku ya baraza tulikwenda mjini kwa miguu, mume wangu mbele na kanzu yake ileile ya masizi, ilikuwa haikutakata kabisa, mie nyuma na mtoto, baba mdogo na mkongojo wake, na yule mpishi. Njia nzima mpishi anamtania baba mdogo. "Tembea Mzaramo, au nikubebe? Sie tulizaliwa kubeba mizigo, ila hatujawahi kubeba mzigo mvivu namna hii." Baba mdogo anajibu, "Nibebe, ujira nitakulipa kwa nazi iliyooza." Mie nawaza treni, wao wanacheka. Niliwachukia kidogo.

Bwana Shauri alikuwa mtu wa makamo, si mkali. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Kiswahili alikuwa nacho kingi, ila kimenyooka sana, kama nguo iliyopigwa pasi haijavaliwa. Jumbe akatoa ushahidi, akasema alisikia kwa masikio yake, zamu yenu. Mume wangu akasema alisema zamu yao, yaani ya wageni walio kwenye picha, ili watu watulie, na jiwe lilikwisha okotwa. Bwana Shauri akanigeukia mie.

"Mama, wewe ulikuwa karibu na gari. Alisema yao ama yenu?"

Nilimtazama mume wangu. Hakunipa ishara yoyote, anatazama dirishani. Nikasema kweli.

"Bwana, nilisikia zamu. Baada ya hapo kile chombo kilikwaruza kama kuku anaparua bati."

"Lakini wewe ni mke wake. Unafikiri alitaka kusema nini?"

"Sijui, bwana. Yeye akisema nataka chai, mie huwa sijui kama anataka chai."

Mpishi akakohoa. Bwana Shauri akaandika. Halafu akauliza, huo utani ndio nini hasa, maana mshitakiwa anajitetea kwa utani, na yeye ameusoma kitabuni ila hajauona. Baba mdogo na mpishi wakatazamana. Mpishi akamvua baba mdogo kofia yake, akaivaa, akamnyang'anya mkongojo, akaanza kutembea mle ofisini kwa mwendo wa baba mdogo, mguu mmoja unavuta, huku anasema kwa sauti ya baba mdogo, "Mie Mzaramo, nimechoka kwa kazi ya kukaa." Baba mdogo akacheka mpaka akafuta macho. Alipomaliza kucheka akanyoosha mkono, akamshika mpishi sikio, akampigisha magoti mpaka chini, akamwambia, "Mpagazi, funga kamba ya kiatu changu." Na mpishi wa klabu ya Wazungu akaifunga, akasema, "Ahsante, bwana wangu." Wakasimama wote wawili.

"Basi," baba mdogo akasema. "Ndio huo."

Bwana Shauri alikuwa anatabasamu. Alipendezwa, nilimwona, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri nyumbani kwa watu. Akasema, "Nami naweza?" Akamnyooshea baba mdogo kalamu, kwa mzaha, mie naamini mpaka leo ilikuwa mzaha, akasema, "Mzee, keti chini."

Baba mdogo akaketi chini. Palepale kwenye saruji, na mgongo wake ule, hakusita hata kidogo.

Hakuna aliyecheka. Bwana Shauri akangoja tucheke. Mpishi alikuwa bado na kofia ya baba mdogo kichwani, akaivua taratibu. Nje kulikuwa na mtu anafagia changarawe, nikawa nasikia ufagio.

Baba mdogo akainua uso. Akasema kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Haya, bwana. Sasa zamu yangu?"

Jumbe akasema, "Mzee, adabu." Bwana Shauri akamnyamazisha jumbe kwa mkono. Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akamuuliza jumbe, katika ile picha, zamu ya wale wageni ilifika? Jumbe akasema hajui, aliamuru izimwe. "Kwa hiyo hakuna ajuaye," Bwana Shauri akasema. Mpishi akasema, kwa heshima zote, "Hata wewe bwana hukuuona mwisho. Kofia yako nilikupa mie."

Nikajikuta nasema, bila kuulizwa, "Yule kijana wa picha aliniambia mwisho kuna kiti kitupu."

Bwana Shauri akaiweka kalamu mezani. Halafu akasimama. Akasukuma kiti chake nyuma, akatoka pale mezani, akasimama pembeni yake. Kiti kikabaki kitupu, kina mto wa kijani umebonyea katikati, na sote tukakitazama, mie, mume wangu, jumbe, mpishi, na baba mdogo kutoka pale chini. Sijui alitaka kufanya nini. Nimejiuliza mara nyingi. Pengine alitaka kumpa baba mdogo akikalie, zamu itimie. Pengine alitaka tu kunyoosha miguu. Alisimama hivyo kwa kitambo, mkono uko juu ya mgongo wa kiti. Halafu akakaa tena.

Akasema mshitakiwa hatarudishwa bara. Kipaza sauti hatakishika tena maisha yake yote. Gari litachukua mtu mwingine, atakayesoma maneno yaliyoandikwa. Mume wangu atafute kazi nyingine, na Bwana Shauri mwenyewe atampa cheti cha kumruhusu kukaa mjini akiitafuta. Akasema, "Mwinueni mzee." Mume wangu na mpishi wakamshika huku na huku. Tukatoka. Nilipogeuka mlangoni Bwana Shauri alikuwa bado anamtazama baba mdogo, na jumbe anamtazama Bwana Shauri.

Sinema ilirudi Temeke na msomaji mpya, kijana msafi, anasoma karatasi kwa tochi. Watu walikuja. Choo kikianza tu, mtu mmoja gizani anasema, "Zamu," na wote wanacheka, na msomaji hajui wanacheka nini, anarudia mstari. Jumbe hakuja tena na kiti chake. Akawa anasimama nyuma. Kokwa za machungwa aliendelea kututemea kwa muda, halafu akaacha, sijui kama ni kwa sababu ile au machungwa yalikwisha msimu. Mume wangu alipata kazi ya kunadi vitu mnadani, hukohuko alikonunua kiti. Sauti bila kipaza.

Lakini jioni ile ya baraza tulirudi nyumbani miguu imevimba. Nikamlaza mtoto. Tumbo lilikuwa limenivuta njia nzima, nikaenda moja kwa moja kwenye kiti, nikakaa. Akaingia, akanikuta. Ilikuwa zamu yake, jana nilikikalia mie.

"Nikuulize," nikamwambia. "Tuko wawili tu. Ulisema yao au ulisema yenu?"

Akavua ile kanzu ya masizi, akaitundika msumarini.

"Inuka kwanza kwenye kiti changu," akasema, "ndiyo nikwambie."

Alikuwa anacheka, au nilidhani anacheka, taa ilikuwa nyuma yake.

Sikuinuka.